Sifuri ya Elsa

Nina kibanda cha kompyuta na fotokopi mbele ya lango la chuo kimoja cha binafsi hapa Bujumbura, na kwa miaka mingi kazi za wanafunzi zimepita mikononi mwangu kabla ya kumfikia profesa. Mimi napiga nilicholetewa, nabana, naweka jalada la plastiki, basi. Nikisema naelewa kilichomo nitakuwa mwongo. Lakini watu wenyewe nawajua, na Elsa nilimjua kuliko wote, kwa sababu alikuwa akifika amechoka na kuvua viatu mlangoni kama yuko kwao.

Elsa anaishi mtaa wa Gasenyi na mama yake. Mchana alikuwa akihesabu makreti kwenye depo moja ya vinywaji ya Zone Industrielle, jioni anakuja darasani. Bosi wake alimwambia wazi kwamba msaidizi wa mhasibu anastaafu, nafasi ni yake, alete diploma tu. Kozi zote alikuwa amezimaliza isipokuwa moja, takwimu, ambayo wao huiita stati.

Sasa hiyo stati ina mambo yake. Profesa ni mgeni, anatoka nje ya nchi. Anakuja wiki mbili, anafundisha kila jioni na Jumamosi kutwa, kozi ya miezi minne wanaimeza bila kutafuna, kisha anapanda ndege. Alama ni mia: arobaini za TP, yaani kazi ya kikundi, na sitini za mtihani. Ukipata hamsini umepita. Msaada wote wa kozi ni assistant mmoja, Loïc, kijana mpole mwenye mashati safi, ambaye kazi yake ni kuwaelezea walioachwa nyuma na ambaye simu yake huita tu.

Wanafunzi nao wana desturi yao. Mwenzao akipatwa na shida wakati wa TP, wanaandika jina lake kwenye jalada pamoja na yao. Hawamwulizi. Leo yeye, kesho mimi. Nimeandika majina ya waliokuwa wodini, ya waliokuwa msibani, hata la bibi arusi mmoja. Hakuna aliyeona ni wizi, na mimi hadi leo naona ni utu.

Kikundi cha Elsa kilikuwa cha watu sita. Wa sita, Rénovat, alikuwa amevuka mpaka kwenda Uvira, Kongo, kutafuta kazi na hakuonekana tena. Elsa ndiye aliyekuwa chef, yaani kiongozi wa kikundi, na ndiye aliyeandika karibu kazi yote. Jioni moja wakaja wote watano, wakaagiza soda ninazouza pembeni, Elsa akanipa karatasi ya majina. Rénovat yumo.

"Huyu si alienda?" nikauliza.

"Alienda, Mama Amira. Lakini siku akirudi, akute points zake. Mutu atarudi aanze na nini kama hana hata TP?"

Wenzake wakaitikia, na mimi nikapiga.

Yaliyotokea siku ya kutetea kazi nilisimuliwa na Joëlla, rafiki yake wa kikundi. Profesa hamsikilizi anayejitolea. Anashika jalada na kuita jina lolote. Akamwita Rénovat. Joëlla akajibu kwamba ni mgonjwa. Profesa akauliza mgonjwa huyo aliandika sehemu gani, mmoja akataja utangulizi, mwingine hitimisho. Basi akasema huo ni udanganyifu na adhabu yake ni sifuri. Aliyeweka jina ajitaje aibebe peke yake, asipojitaja wataibeba wote.

Watu watano walikunywa soda zangu siku ile, na watano walikubaliana. Akasimama mmoja.

Nilimgombeza jioni ile ile. "We Elsa, nani alikutuma?"

"Si mi ndiye chef? Na hiyo sifuri si kitu. Kwa kozi ya fiscalité walitupa TP ingine kwa deuxième session, ile ya kurudia. Hata hii watatupa."

Hapo ndipo alipokosea. Aliipima kozi moja kwa kipimo cha nyingine, na chuoni kila kozi ina sheria zake, ambazo huambiwi mpaka zikukamate. Mtihani wa kwanza alipata thelathini na nane. Joëlla alipata ishirini na mbili, lakini kikundi kilipewa thelathini za TP, kwa hiyo Joëlla akapita. Elsa alipompata Loïc, akaambiwa kwamba katika stati deuxième session ni mtihani tu. TP hairudiwi, profesa ameshaondoka. Maana yake katika zile sitini alitakiwa apate hamsini, na aliyeongoza darasa lote alikuwa na arobaini na moja.

Alisoma. Alisoma depo saa ya chakula, amekaa juu ya makreti, akasoma kibandani kwangu mpaka nafunga. Kulikuwa na sura moja iliyomshinda. Loïc alimwahidi kumweleza baada ya mkutano, na kila alipomfuata kulikuwa na mkutano mwingine. Nilimwombea dua, yeye Mkristo wa watu. Wallahi niliamini atapata.

Alipata arobaini na sita. Loïc alimpongeza, akasema kwa profesa yule hajawahi kuona alama kama hiyo, kisha akaingia kwenye délibération, kikao cha kupitisha alama, na humo wakasoma jumla: sifuri na arobaini na sita, amekosa. Elsa akaenda kwa dekano, mkuu wa kitivo. Akajibiwa kwamba alama za TP ni mali ya profesa, na profesa atarudi chuo kikipata namna ya kumleta. Wakati huo ajiandikishe na kulipa ada ya mwaka mzima kwa kozi moja. Nilisikia hasira, lakini hasira ya mwanamke wa fotokopi inamfikisha nani wapi?

Depo hawakungoja. Walimchukua mwingine. Wale wanne wa kikundi walikuja kwangu kutoa fotokopi za diploma zao, wamependeza, wanacheka. Hakuna aliyeuliza habari za Elsa. Nikawahudumia bila salamu.

Wiki iliyopita Elsa alikuja kuandikiwa CV. Ametafutiwa kazi ya kuuza dukani, Kinindo. Nikaandika jina, Gasenyi, miaka ya depo. Nilipofika kwenye masomo, sikumwuliza. Niliandika jina la chuo, na mbele yake kwamba diploma inangojewa. Akainama, akasoma polepole kwenye kioo cha kompyuta.

"Apana, Mama Amira. Futa hiyo."

"Lakini bado kozi moja tu, binti yangu."

"Futa na chuo. Andika shule ya secondaire, inatosha."

Nikafuta, naye akasimama nyuma yangu mpaka mstari wote ukaisha.