Mwalimu wa udereva anayewafundisha viongozi wa misikiti kuutafuta mwezi

Saa kumi jioni, upepo wa kilimani nje ya mji wa Blackburn, Uingereza, unakata masikio, na Ilyas Bhamji ameshaanza kufoka.

"Nimeuona," anasema Maulana Sohel, imamu kijana, akiwa ameinua simu.

"Wapi, Maulana? Mbingu yote imefunikwa."

"Huu hapa."

Ilyas anachungulia. Kwenye kioo cha simu kuna mwezi mwandamo safi kabisa, uliochorwa na programu inayokisia ulipo. Anavua kofia yake na kuiweka mbele ya simu. Mwezi unaendelea kung'aa juu ya kofia.

"Haya, kaape mbele ya kadhi kwamba umeuona kwenye kofia ya Ilyas."

Ilyas ana miaka hamsini na minne na kazi yake ni kufundisha udereva. Lakini kila jioni ya tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa Kiislamu huahirisha masomo ya wanafunzi wake, hujaza chai kwenye chupa na kuwapandisha viongozi wa misikiti kilimani. Huwafundisha pa kuangalia, namna ya kutofautisha mwandamo na moshi wa ndege, na namna ya kumhoji shahidi peke yake kabla hajasikia wenzake wanasema nini.

Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja bila malipo, na jioni nyingi huambulia mawingu.

"Ni kutwanga maji kwenye kinu," anasema. "Wanakuja, wanakula sambusa zangu, wanaitikia. Ramadhani ikikaribia mmoja anampigia binamu yake ng'ambo, basi, somo limekwisha."

Lakini kinachomuuma zaidi kiko nyumbani. Mama yake, Hawabai, anaishi kwa Yakub, kaka yake Ilyas, mwenyekiti wa msikiti unaofuata matangazo ya mwezi kutoka ng'ambo. Ilyas husubiri mwezi uonekane hapahapa kilimani. Idi iliyopita aliwakuta mama na wajukuu wamevaa nguo mpya, biriani iko mezani, naye bado amefunga.

"Mama alinipakulia. Nikamwambia, nimefunga. Akaifunika sahani. Kesho yake akaipasha moto, nikala Idi yangu peke yangu huku ananitazama. Afadhali angenigombeza."

Ndiyo maana leo Yakub yupo hapa, kwenye kiti cha kukunja, miguu ndani ya blanketi.

"Mama ndiye kanituma," anasema. "Usidhani nimekuja kwa ajili yako."

Amemwahidi mama jambo moja. Hili ndilo somo la mwisho kabla ya mwandamo wa Ramadhani mwezi ujao. Akiuona mwezi kwa macho yake leo, ataiomba kamati ya msikiti wake isubiri mwezi wa kilimani mwaka huu. Asipouona, mambo yatabaki vilevile, na sahani itafunikwa tena.

Jua linazama nyuma ya mawingu. Yakub anamega sambusa.

"Ilyas, nchi hii mawingu ndiyo wenyeji. Sisi tumepanga tu."

Hapo Ilyas anapandwa na hasira. Anaipa mgongo magharibi na kusimama mbele ya kaka yake.

"Bhai, kaka yangu, miaka yote hii hujawahi kupanda hata mara moja! Unakaa na hita yako, unasubiri simu, halafu unaniita mimi mkaidi."

"Ilyas."

"Ngoja nimalize. Mama amezeeka, na wewe..."

Yakub amesimama, sambusa mkononi. "Ilyas, geuka."

"Sigeuki mpaka unijibu!"

Anapogeuka hatimaye, hakuna kitu ila wingu. Maulana naye alikuwa ameinama akimimina chai. Yakub anasema ameuona.

Ilyas anahisi anachezewa. Lakini kanuni ni kanuni, naye ndiye aliyeileta. Anamvuta kaka yake hadi nyuma ya gari na kumhoji kama shahidi yeyote.

"Mwezi ulikuwa wapi?"

"Kushoto kwa mnara wa simu, ngumi moja ya mkono ulionyooshwa juu ya kilima kile."

"Pembe zake?"

"Juu, zimelalia kushoto. Nilidhani ni uzi kwenye miwani. Nikaivua, ukabaki palepale."

Ilyas anaangalia hesabu zake. Ndipo mwezi ulipotakiwa kuwa.

"Nimeukubali ushahidi wako," anasema, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Mwalimu, mwanafunzi wako asipoangalia kioo cha nyuma si unamfelisha?" Yakub anauliza.

Hasira hasara.

Yakub anampigia mama. "Nimeuona, Mama. Ndiyo, kwa macho yangu." Anasikiliza kidogo. "Hapana, yeye hakuuona. Alikuwa ananifokea."

Kicheko cha mwanamke mzee kinasikika hadi kwa Maulana.

Bado kuna kamati, na Yakub anasema itamla mbichi. Kesho atawakabili wazee wa kamati, na Ilyas ameomba kwenda naye. Amekubaliwa kwa sharti kwamba asifungue mdomo.

"Nitajitahidi," anasema Ilyas, huku akimfokea Maulana arudi kuokota kikombe alichokisahau kwenye nyasi, kwa sauti inayosikika bonde zima.

Kisha anakunja kiti cha kaka yake na kukipakia garini.

"Mimi sitaki kushinda. Nataka siku ya Idi mama anipakulie, nami nile biriani ikiwa bado ya moto."