Bibi wa Ukutani na Shikamoo Zetu

Enzi zetu pale Doha, sisi tuliokulia kwenye vyumba vya kupanga Muaither, Ijumaa haikuwa siku ya kulala. Baba alikuwa dereva wa hoteli kule West Bay na siku hiyo ndiyo wageni humiminika. Mama alikuwa mlinzi wa ukumbi wa makumbusho. Kwa kuwa hapakuwa na wa kutuangalia, mimi na kaka yangu Idi tulifuatana naye kazini, tumeshiba chapati na chai ya karaki yenye iliki, tumepakwa mafuta mpaka tunang'aa. Mlangoni alituonya kwa kidole: "Mkigusa kitu humu, mtanijua mimi ni nani." Nami nilikuwa mtoto nisiyetulia. Hata nikikaa, miguu ilicheza, na ile sakafu ya marumaru iliniita niteleze na soksi.

Msimu mmoja wa baridi ikaja picha kubwa kutoka Marekani. Bibi mweusi kama sisi ameketi jikoni, anamenya viazi, mguu mmoja umetoka kwenye ndara, macho yako mlangoni. Idi alihangaika sana na ile ndara iliyovuka, isiyoonekana pichani, akainama kuitafuta chini ya fremu. Mama alituhadithia aliyoyasikia kwa waongoza wageni: picha hiyo ilianza kuonyeshwa Chicago, watu wakaipita tu. Ikatupwa stoo miaka na miaka. Ilipotolewa ikapelekwa New York, watu wakapanga foleni, na tangu hapo haikutulia tena: Paris, London, sasa Doha. Mimi nilimpenda papo hapo. Nilisema huyu bibi ni mwenzangu, hakai.

Siku ya kwanza Mama alitukuta tumemkodolea macho. Akasema, "Hamna adabu? Mtu mzima huyo, msalimieni." Sijui kama alitania. Sisi tuliinamisha vichwa, "Shikamoo, Bibi!" Mama akachungulia kama mkubwa wake yuko karibu, kisha akaitikia kwa sauti ya kizee, "Marahaba, wajukuu zangu." Basi ikawa desturi. Kila Ijumaa, kabla ya jambo lolote, shikamoo.

Tulikuwa na bibi wa kweli, mama yake Mama, huko Tanga, ila hatukuwahi kumtia machoni. Tulimjua kwa kadi za simu tu, zile za kukwangua, ambazo zilikwisha wakati anaanza kutuuliza tumekula nini. Msimu ule alikuwa mgonjwa. Mama aliomba likizo, mudiri, mkubwa wake wa kazi, akamjibu kwamba maonyesho yakifungwa, khalas, atasafiri. Kwa hiyo begi likapangwa mapema, kanga, maziwa ya unga na dawa ya kuchua, likawekwa mlangoni. Kila asubuhi tulijikwaa nalo, na kila asubuhi Mama alilifungua na kulipanga upya. Usiku wa kuamkia zamu nilimsikia akitembea jikoni bila kupika chochote.

Zilipobaki siku chache, akarudi na habari kwamba maonyesho yameongezwa muda, watu wameipenda mno picha. Mimi na Idi tulirukaruka kitandani. Bibi habanduki! Mama akakaa juu ya begi, akajifunika uso kwa ushungi, nasi tukadhani amechoka na kazi.

Likizo ilisogezwa. Bibi wa Tanga hakusogezeka. Alizikwa picha ingali ukutani. Siku ilipoteremshwa na kufungiwa kwenye sanduku la mbao, Mama ndiye aliyekuwa zamu ukumbini. Jioni alisema neno moja tu, huku akivua viatu: "Huyo naye anakwenda kwao."

Sasa mimi ni mtu mzima, nimerudi mji uleule, nipo mapokezi ya hoteli. Mama amekwisha kurudi Tanga na magoti yake mabovu. Na picha imerudi! Nilikwenda kuiona siku yangu ya mapumziko. Vijana wa leo, Mungu awaongoze, wakifika mbele ya picha huipa mgongo ili wajipige picha wenyewe. Bibi wa watu anamenya viazi nyuma yao, hakuna hata wa kumwamkia. Mimi nilisimama pale, miguu ikinichezacheza kama zamani, nikamrekodia Mama ujumbe wa sauti kwenye simu, nikautuma: "Mama, amerudi! Shikamoo, Bibi! Mama, likizo yangu imesogezwa tena, hoteli imejaa wageni. Msimu ukiisha nakuja, usiwe na wasiwasi."

Jibu liliingia kabla sijafika mlangoni. Sauti ya Mama siku hizi haihitaji tena kuigiza uzee.

"Marahaba, mwanangu. Lakini hizo shikamoo za ukutani nimezichoka. Niletee yangu hapa mlangoni."

Nilirudi nikamtazama tena yule bibi, mguu nje ya ndara, macho mlangoni. Moyo uliniuma. Enzi zetu kadi ilikwisha maneno yakiwa bado mdomoni. Leo maneno hayaishi, na kwa sababu hayaishi tunajiona tumekwisha kufika. Begi langu liko tayari. Kesho asubuhi naingia kwa meneja kumwambia kwamba naondoka wiki hii, akubali asikubali.