Bolti ya Nne

Watu wa gatini walimwita Mkavu, na jina hilo alijipachika mwenyewe. Alikuwa fundi wa vyombo vya majini, na kila alipomkabidhi mteja chombo chake alijipiga kifua: "Chombo nilichokishika mimi, tumboni kukavu. Weka hata unga!" Na kweli fundi alikuwa. Tusimnyime mtu haki yake kwa sababu ya ulimi wake.

Sasa fundi huyo wa kuziba matobo ya watu alikuwa na jeti yake kuukuu, pikipiki ya maji ya kuendesha umesimama, imening'inia darini karakanani miaka kumi na miwili bila kuguswa. Waliinunua yeye na mdogo wake, wakaifufua pamoja, na siku ya mashindano mdogo ndiye aliyepanda. Mzunguko wa tatu ikaanza kuwa nzito. Wa nne ikakalia mkia, ikazama mbele ya umati wote. Wakaivuta mpaka nchi kavu. Mkavu alipofika anatweta, akainama nyuma, akakuta kizibo cha kutolea maji kiko wazi, kinaning'inia kwenye kamba yake. Hakuuliza. Alimzaba mdogo wake kofi, mtu mzima mwenye mke na ndevu zake, hadharani.

"Hata kizibo kinakushinda kufunga, mjinga wewe!"

Mdogo alisema neno, lakini nani alilisikia? Mkavu alikuwa anafoka, watu wanacheka, na tangu lini mwenye kufoka akasikia kitu?

Mama yao akaikata kesi siku hiyohiyo, upande mmoja tu. Mkubwa kasema, basi. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akamwambia mdogo. "Muombe kaka yako radhi. Mpaka umuombe, kwangu usikanyage." Mdogo akajibu kwamba haombi radhi kwa kosa lisilo lake, akafunga virago, akahamia mji mwingine. Jamani, methali za wakubwa tunazo tele. Ya mkubwa asiyesikia la mdogo sijui nani aliificha! Mama alifariki mwaka jana. Mdogo alikuja makaburini tu, akatupa udongo wake, akapanda gari akarudi alikotoka. Nyumbani kwa mama hakukanyaga.

Aliyelianzisha upya jambo hili ni mke wa Mkavu.

"Mume wangu, hilo dude lako litatuua. Kamba zimechakaa. Ama ulitengeneze, ama ulitupe."

Akaishusha. Jeti za zamani zina hila: maji huingia taratibu, tena mwendoni tu, ukiitazama imesimama huoni kitu. Mkavu akakagua sili ya shafti, ile raba inayozuia maji kwenye mhimili wa injini, nzima. Mipira ya maji ya kupoza injini, mizima. Raba ya kifuniko imekauka kidogo, lakini inabana. Mwishowe akaziba kila tundu alijualo, akaipindua tumbo juu, akaijaza upepo polepole kwa pampu ya baiskeli, na mkewe akapaka maji ya sabuni kwa brashi ya rangi. Penye tobo sabuni huchemka.

"Hapa," mkewe akasema.

Chini ya jeti, pale pampu inapovutia maji, kuna wavu wa chuma ulioshikwa na bolti nne. Tatu zilikuwa kimya. Ya nne ilikuwa inatoa mapovu.

"Unaona?" Mkavu akaruka. "Unaona uzembe wa yule mtu? Si kizibo tu, hata bolti hakujua kufunga!"

Akachukua spana, akaifungua. Bolti ikaja, ikaja, ikazidi kuja. Ilizidi wenzake kwa pingili nzima ya kidole. Tundu lake lilikuwa na kitako, halikutoboka mpaka ndani, na mtu aliyeikaza bolti ndefu hivyo kwa nguvu alikuwa amekipasua kile kitako. Mkavu akaifuta kwa kitambaa, akaona kichwa chake cheusi chenye mkwaruzo, akaketi juu ya ndoo.

"Nini?" mkewe akauliza.

"Ya pikipiki yangu ya barabarani. Ya madigadi. Jioni ile kabla ya mashindano bolti moja ilipotea, nikang'oa hii. Niliifunga mimi."

Mkewe akaweka brashi chini. "Kwa hiyo ni wewe."

"Na kizibo je? Kizibo kilikuwa wazi! Nilikiona kwa macho yangu haya!"

"Muulize mwenyewe," mkewe akasema. Akachukua simu, akampigia shemeji yake, akamtia mumewe mkononi.

"Kaka." Sauti ya mdogo wake. Hakuna salamu.

"Mdogo wangu, nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Siku ile... kile kizibo..."

"Nilikifungua mimi."

Mungu amsamehe, Mkavu alifurahi. Moyo ulimruka kabisa, kwa muda wa pumzi moja.

"Tulipofika nchi kavu," mdogo akaendelea. "Ili maji yatoke. Chombo kikizama si ndiyo kitu cha kwanza, kaka? Wewe ndiye uliyenifundisha. Hicho ndicho nilichokuwa nakwambia uliponipiga."

Mkavu akamweleza habari ya bolti. Aliieleza vibaya, akirudia rudia, akitaja tundu na kitako kana kwamba anazungumza na mteja, mpaka maneno ya ufundi yakamwishia na machozi yakamshinda.

"Kosa lilikuwa langu lote. Nisamehe, mdogo wangu. Nakuomba, nisamehe."

Mkewe alimkazia macho.

"Mimi nimekusikia," mdogo akasema. "Sasa nenda kamwambie mama."

Akakata simu.