Kadi Ilinipunguzia Miaka Mitano

Mimi ni fundi cherehani, na fundi hadanganywi na kiuno cha mtu. Mteja akisimama mlangoni kwangu pale Yoba, mtaa wa Gitega, akaniambia nimshonee kwa vipimo vya mwaka jana, namtazama mara moja tu na najua kama nguo ya mwaka jana itapita makalioni au haitapita. Simwambii. Naongeza inchi mbili kimyakimya, anavaa, anafurahi, ananisifu. Kuna mwili mmoja tu ambao futi yangu haikuugusa kwa miaka miwili, nao ulikuwa wangu.

Kwanza ulikuja moto. Nakaa kwenye cherehani na mashati meupe ya wanafunzi wa shule ya Mushasha, mara joto linanipanda kifuani mpaka utosini, jasho linadondoka juu ya kola. Shati jipya, halijavaliwa, inabidi nilifue kabla ya kulipeleka. Usingizi ukakatika. Hasira nazo, usiniulize, niliwahi kumfukuza mteja kwa sababu alikuwa anatafuna karanga. Siku zangu zilikuwa zimekoma kabla ya hayo yote, na sikumwambia mtu. Halafu likaja tumbo. Nilifumua magauni yangu yote pembeni, nikamaliza akiba ya kitambaa, nikaanza kuvaa vitenge vya kujifunga.

Jirani yangu muuza vitenge, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, mwanamke asiye na simile, ndiye aliyesema kwanza.

"Maman, mi naona we uko na mutoto mule ndani. Usinifiche."

"Ni ugali," nikamjibu.

"Ugali haikae hivi, maman. Mi nimezaa saba. Kwani mi iko kipofu?"

Nilicheka naye, lakini nilipofunga mlango nililia. Mtoto! Mimi nilizaa mara moja tu, kwenye makazi ya wakimbizi Tanzania, na mtoto huyo tulimzika kulekule kabla hajatambaa. Baada yake sikushika tena. Mume wangu bado ananiita mama, ingawa aliyenipa jina hilo tulimwacha chini ya udongo wa watu.

Mume wangu alikuwa Muyinga. Tuliporudi Burundi, shamba la baba yake lilikuwa na watu wengine, wamezaa humo na kuzika humo. Tukapatanishwa, likagawanywa katikati, na yeye akabaki kulilima ili mpaka wa shamba usije ukasogezwa. Mimi nikabaki Gitega kwa ajili ya cherehani. Kila baada ya miezi miwili anakuja na maharage, anakaa siku tatu, anaondoka. Safari moja aliniwekea mkono tumboni, akatabasamu. Nikautoa mkono wake kwa hasira. Nilidhani ananicheka.

Sasa niseme lile ambalo ndilo shina la mambo yote. Tulipovuka kwenda Tanzania nilikuwa na miaka kumi na mitano, lakini njaa ilikuwa imenikausha, nikawa kijiti. Kwenye meza ya kuandikishwa, mjomba alinisukuma mbele akasema, "Huyu ana kumi." Watoto walikuwa wanapewa uji na kupelekwa shule. Karani akanitazama, akaandika. Nikapata uji, nikapata shule, Mungu amrehemu mjomba. Wengi wetu wana umri wa aina hiyo, umri wa kadi.

Shida ni kwamba sikuurudisha. Nilipochumbiwa nilikuwa na ishirini na saba, na msichana wa ishirini na saba siku zile aliitwa aliyebaki. Kadi ilisema ishirini na mbili. Mchumba akaisoma, akafurahi, nami nikanyamaza. Nimelala na ukimya huo kitanda kimoja miaka yote.

Hospitali nilikwenda kwa ajili ya usingizi. Daktari alikuwa mwanamke kijana, angeweza kuwa binti yangu. Akaniuliza umri, nikataka kusema arobaini na sita, ulimi ulishazoea. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Hamsini na moja." Akaandika, hata kichwa hakuinua. Uongo nilioubeba tangu utoto, yeye anaufuta kama anayeandika uzito wa gunia la mchele! Akanipima presha, akanikagua matiti, akauliza kama nimewahi kuganda damu mguuni, kama kwetu kuna mwenye saratani. Kisha akaniandikia vidonge vya homoni ambavyo duka la dawa liliviagiza Bujumbura.

"Vitaninenepesha zaidi?" nikamuuliza.

"Vitatuliza joto na usingizi, mama. Kupunguza mwili si kazi yake, na kukunenepesha pia si kazi yake. Umri huu mafuta huhamia kiunoni, na wewe unakaa kutwa. Tembea. Punguza mafuta ya kupikia na sukari."

Niliondoka nimenuna. Lakini nilitembea. Mzigo wa sare za Mushasha, ambao zamani niliupakia kwenye pikipiki, nikaupeleka kwa miguu, kichwani. Mandazi ya asubuhi nikayaacha, na chai nikainywa kavu, chungu kama dawa. Mwezi wa tatu nikaanza kulala mpaka kunakucha, na sauti yangu na wateja ikapoa. Tumbo je? Tumbo ng'o! Lilikaa palepale, halina habari.

Ndipo akaja wifi yangu, dada wa mume wangu. Alikuja Gitega kutafuta shule ya mwanawe, akalala kwangu. Asubuhi natoka bafuni namkuta ameketi kitandani, pakiti ya vidonge niliyoiweka mkobani iko mkononi mwake. Pakiti ina herufi ndogondogo za siku za wiki, kwa Kifaransa, Jumatatu mpaka Jumapili.

"Wifi, hivi vya nini?"

"Vya kichwa."

"Vya kichwa vina siku saba? Mimi nilimeza vya hivi baada ya mwanangu wa nne. Hivi ni vya kuzuia mimba." Akanitazama tumbo. "Mume yuko Muyinga, mke anazuia mimba Gitega. Na hilo nalo ni nini? Ukizuia, mbona limo? Na kama limo, unazuia nini tena?"

Hapo ningesema kweli, yangekwisha. Lakini mimi na hasira zangu! Nilimnyang'anya pakiti, nikamwambia mkoba wangu si kabati la mama yake, tena kama amemaliza kunikagua afunge virago.

Akavifunga. Kutoka mlangoni akanirushia, "Lisemwalo lipo, wifi. Kama halipo, laja."

Siku nne baadaye mume wangu akapiga simu. Hakuuliza habari za kazi, hakuuliza afya. "Njoo Jumamosi," akasema. "Usikose." Akakata.

Niliogopa kwa namna ambayo sikuwa nimeogopa tangu vita. Mtu akigombana na mumewe hurudi kwao. Mimi kwetu ni wapi? Wazazi walikufa, mjomba alizikwa Tanzania, ndugu waliobaki walibaki hukohuko. Nikifukuzwa Muyinga sina pa kurudi, maana kurudi nilikwisha kurudi. Njia nzima, kupitia Karusi, nilikuwa napanga maneno. Nitasema vidonge si vya hivyo. Nitasema tumbo si la hivyo. Nitamwapia. Lakini kila nikipanga naona nimefika kwenye kadi, kwa sababu ataniuliza: mwanamke wa arobaini na sita, anamezaje dawa za wazee? Na hapo ama nidanganye tena, ama nimpe miaka mitano yangu aliyoioa bila kujua.

Nilifika saa sita mchana. Ua ulikuwa umefagiwa, mistari ya ufagio bado iko. Na kwenye kamba ya nguo, peke yake, ilianikwa ngozi ya kubebea mtoto mgongoni, ile tunayoiita ingobyi. Ilikuwa ya mama mkwe, alimbebea mume wangu kabla ya kukimbia, na mtu wa familia aliitunza miaka yote ile hadi tuliporudi. Ilikuwa imepakwa samli. Iling'aa.

Toba!

Mume wangu alitoka ndani amevaa shati jeupe nililomshonea mwenyewe. Alinipokea mzigo wangu. "Mama, keti. Usisimame juani."

Wifi alikuwa mlangoni, mikono kifuani. "Nilimwambia vile ni vidonge vya kuzuia," akasema, "lakini kaka yangu anajua zaidi."

"Hospitali huwapa wajawazito vitamini," mume wangu akasema. Alisema taratibu, kama mtu aliyeyarudia maneno hayo shambani peke yake. "Nimekuita ili usirudi Gitega. Kazi ya cherehani iache kwanza. Watu huzaa na miaka arobaini na sita. Nimeuliza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa fimbo hata. Kwa furaha sikuwa nimejiandaa. Alikuwa ameninunulia na kiti cha kuegemea.

"Hakuna mtoto," nikasema.

Akauweka mzigo wangu chini.

"Siku zangu zimekoma mwaka wa pili sasa. Hili ni tumbo tu, ni mwili. Vidonge ni vya joto na usingizi, ni vya wanawake waliomaliza. Na sina arobaini na sita. Nina hamsini na moja. Mjomba aliipunguza kadi kwa ajili ya uji, na mimi nikaiacha vile ili unioe."

Wifi alishika mdomo.

Mume wangu alikitazama kile kiti, si mimi. "Nilioa wa ishirini na mbili," akasema.

"Wa ishirini na saba."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Kila mwaka niliokuwa nasema bado tuna wakati, wewe ulikuwa unajua." Akachukua jembe lililoegemezwa ukutani na kwenda shambani na shati lake jeupe. Hakuniita mama.

Nilikaa chini, kile kiti sikukigusa. Nilitaka kumfuata, nikaona sistahili. Miaka ile yote nilidhani nimemwibia kitu kidogo, namba tu kwenye karatasi, kumbe nilikuwa namwibia hesabu ya maisha yake. Wifi naye akaanza kuzunguka ua. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alikwisha kuwaambia wanawake wawili jirani wa kilimani, na kwamba wanakuja saa kumi kuniona.

"Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia alichokuwa anasema kaka." Kwa mara ya kwanza hakuniangalia usoni.

Kwetu mimba haitangazwi, huonekana yenyewe. Lakini mdomo wa wifi hauna pindo. Saa kumi wakaja kweli, bibi mmoja mzee na mkwewe, na kikapu cha unga wa mtama kwa ajili ya uji, kimefunikwa kwa kitambaa kisafi. Walinikumbatia. Macho yao yakashuka tumboni yakakaa hapo. Mimi nikafungua mdomo niseme, na joto likapanda. Wiki nyingi halikuwa limenipata, likanichagulia saa hiyo! Jasho likatiririka, pumzi ikanipaa. Yule mkwe akapiga kelele niletewe maji, mtoto anamsumbua mama.

"Hakuna mtoto."

Alikuwa mume wangu, amesimama kwenye kona ya nyumba, matope mpaka magotini, shati limekwisha. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Wifi akaanza kusema kitu, akamnyamazisha kwa mkono.

"Hakuna mtoto," akarudia. "Mimi ndiye niliyekosea. Mke wangu ana miaka hamsini na moja. Ameugua joto, anatibiwa Gitega. Amekuja kunieleza, na mimi nikamwacha peke yake hapa uani."

Hamsini na moja. Sikuwahi kusikia umri wangu ukitamkwa kwa sauti na mtu mwingine. Aliutamka mbele ya watu bila kuupunguza hata mwaka mmoja, na hakuna aliyecheka.

Yule mzee akanitazama sana. "Yoo, mawe," akasema kwa Kirundi, ndiyo kusema ole mama wee, vile mtu anavyomlilia mwenzake. Kisha akamgeukia mkwewe. "Unga hurudi nyumbani siku hizi? Washa moto. Mtu ametoka mbali, apikiwe uji."

Wifi mwenyewe ndiye aliyekwenda kuchota maji.

Mume wangu alinawa miguu, akaja, akaketi chini karibu nami, si karibu sana. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelia shambani akadhani jasho limemfichia. Nilitaka kuomba msamaha, akanitangulia.

"Ile pakiti," akasema. "Leo ni herufi gani?"

"Ya Jumamosi."

"Umemeza?"

"Bado."

Akainuka akaingia ndani. Akarudi na kikombe cha maji, akakishika kwa mikono miwili, akanikabidhi.

"Mama," akasema, "meza dawa yako."

Nikameza. Kisha nikaenda kwenye kamba nikaitoa ile ingobyi mwenyewe, yeye asingeweza. Ilikuwa bado ina joto la jua, na samli ikanibaki mikononi.