Muuguzi 'Mbu' na mkono mmoja aliousahau

Ukungu wa asubuhi bado haujaondoka. Katika darasa la chekechea, wazee wamekalia viti vya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Mbele yao, muuguzi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi anamfunga bibi mmoja mkanda wa mpira mkononi.

"Mbu, unibakizie kidogo," anasema bibi.

"Bibi yangu, mbu akishiba huondoka mwenyewe."

Sindano inaingia bibi akiwa bado anacheka.

Mbu ndilo jina lake hapa kijijini, alipozaliwa. Kwa miaka minne amekuwa akiwakusanyia damu watafiti wa vinasaba, zile chembe za urithi ambazo mtoto hupewa na wazazi wake. Kijiji kiko juu mlimani, barabara hukatika kila masika, na kwa vizazi vingi watu wameoana wao kwa wao.

"Hapa ukirusha jiwe unampiga ndugu," anasema. "Likimkosa, limempata shemeji."

Hicho ndicho kilichowapandisha watafiti mlima. Vijana wa hapa huanguka ghafla, moyo umesimama. Wengi waliamini ni husuda. Watafiti wanasema ni hitilafu ya kurithi, na kwamba anayegundulika mapema hupewa dawa za kuulinda moyo.

Kaka yake mkubwa alianguka akicheza mpira. Wa pili alianguka kisimani, debe la maji begani.

"Alikwenda pekupeku. Viatu vyake vilibaki mlangoni, bado vipya. Mama hakutaka viondolewe," anasema, kisha anapanga chupa ndani ya sanduku la barafu.

Amebaki mdogo wao, fundi seremala, ambaye ameikwepa sindano miaka yote hiyo. Leo ameitwa kutengeneza mguu wa meza.

"Keti, mdogo wangu."

"Dada, damu yangu uliimaliza utotoni ukinitoa funza."

"Keti, nakuomba."

Fundi anaweka nyundo chini. "Na wewe ulitolewa damu lini?"

Wazee wanamgeukia muuguzi. Zaidi ya watu mia nne wamepita mikononi mwa Mbu, na kila mtu alidhani muuguzi mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kupimwa. Hakuwahi.

"Kazi ilikuwa nyingi," anajibu. Kisha, kwa sauti ya chini: "Niliogopa."

Anakunjua mkono wake wa kushoto na kuukaza mkanda kwa meno. Vidole vilivyozoea mikono ya wengine vinautafuta mshipa mara mbili. Fundi anasogea, anamshikilia kiwiko.

"Taratibu, Mbu. Usimuumize dada yangu."

Chupa inapojaa, fundi anakalia kile kiti kifupi, anakunja mkono wa shati na kugeuza uso dirishani.

Majibu yatatolewa baada ya masika, katika hospitali iliyo chini ya mlima. Muuguzi amekwishapanga safari ya wawili.

"Wakisema dawa, tutameza wote," anasema, akitazama viatu vya mdogo wake vilivyojaa vumbi la mbao. "Nataka hivi vichakae vikiwa miguuni mwake."