Kinanda Kilichotoka kwa Fundi

Kuna watu wanaoupenda wimbo kwa maneno yake, na wapo wanaoupenda kwa sauti ya mwimbaji. Mie nikishakipata kile kipande cha kinanda kinachokuja mwanzo, kabla mtu hajafungua mdomo, nimetosheka. Waliobaki waimbe watakavyo. Mume wangu anasema huo ni ugonjwa. Mtu gani huyu, husema, wimbo ukianza kuimbwa yeye anakwenda jikoni.

Kipande changu cha kwanza nilikipata utotoni, kwenye kanda ya kaka yangu iliyopigwa mpaka utepe ukalegea. Ulikuwa wimbo wa dansi wa Ulaya, na ulianza na kinanda kinachojifanya tarumbeta, sauti nene, ya kifidhuli, kama mgeni anayeingia bila kupiga hodi. Miaka mingi niliamini ni matarumbeta ya kweli. Nilipokuja kuambiwa kwamba ni mtu mmoja tu, kakaa mbele ya sintesaiza, mashine nzito ya zamani iliyojaa vifundo vya kuzungusha, kwanza niliona nimedanganywa. Halafu nikaona nimeijua kazi ninayoitaka.

Baadaye nikavipenda vya bongo fleva ya mwanzo mwanzo, vilivyopigwa kwa ile sauti ya kioo ambayo kila studio ilikuwa nayo, vijiko vinagongana ndani ya glasi. Watu waliicheka sauti ile, eti ya bei rahisi. Wacha wacheke. Na cha taarabu ya kisasa sikiwekei mfano: kinanda kinaiga nai, ile filimbi ya mwanzi, kinalia peke yake, kinajivuta, na ngoma bado haijaingia. Ukumbini kikisikika hicho wanawake hawangoji kualikwa. Washasimama, mikono juu, kila mmoja anajua leo anasemwa nani, na anayesemwa naye kasimama anacheza kama si yeye.

Hiki cha mwisho ninakipiga mwenyewe. Mchana nauza mapazia Mlandege, na harusi zikiwepo ni mpiga kinanda wa kikundi chetu cha taarabu cha wanawake. Kikundi kina kinanda chake kikubwa. Changu ni kidogo, kimetumika Uarabuni kabla ya kunifikia, nacho hukaa nyumbani kwa mazoezi.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu vinanda hivi. Taarabu ina noti zinazokaa katikati, baina ya kitufe cheupe na cheusi. Mpiga fidla huzipata kwa kidole, anasogeza kidogo tu. Kinanda hakina pa kusogeza. Kwa hiyo vinavyotengenezwa kwa ajili ya Waarabu hupewa uwezo wa kushusha noti chache kwa robo, na ukishusha mbili zinazohusika, hiyo ndiyo sisi tunayoiita rasti. Kwenye kinanda cha kikundi ni kubonyeza mahali pawili tu. Kwenye changu jambo hilo limefichwa ndani huko, unafungua ukurasa baada ya ukurasa kwenye kioo kidogo chenye giza, kwa hiyo sikujisumbua nalo hata siku moja. Nyumbani nilipiga noti zilivyo, na kichwani nikajua zipi zishuke.

Kabla ya mwezi wa Ramadhani vitufe vilianza kukwama, nikakipeleka kwa fundi wa hapo hapo Mlandege, anayetengeneza vinanda vya vikundi karibu vyote vya mjini. Kilirudi Shaaban inakwisha. Mwezi mzima sikukigusa. Ilipokwisha Idi harusi zikafuatana, tukawa na nyimbo mpya za kujifunza, nyimbo za rasti zote, nikazishika usiku na mchana. Kinanda kilinipendeza ajabu. Nikasema fundi huyu mikono yake ina baraka, kakiosha mpaka sauti.

Basi siku moja niko dukani napima kitambaa cha mteja, redio ya jirani ikapiga wimbo wangu wa tarumbeta. Mkono ukasimama. Noti ya tatu ilikuwa juu. Si juu sana, lakini juu, imekaa vibaya kama picha iliyopinda ukutani. Nikamwambia jirani redio yako mbovu. Akanitazama, akaongeza sauti.

Nilirudi nyumbani nikaupiga wimbo ule kwenye simu, kisha nikaugusa kwenye kinanda, kisha kwenye simu tena. Havikulingana. Nikakaa kitako nikafikiri kwa utaratibu, na nadhani ule utaratibu ndio ulioniponza. Wimbo ulisharekodiwa zamani, haubadiliki. Kinanda ni mashine. Si fidla, hakilegei nyuzi kwa joto. Viwili hivyo haviwezi kukosea. Kilichobaki hapo chumbani ni sikio langu.

Nikaogopa, maana njia ile naijua. Marehemu baba yangu alikuwa mpiga fidla, na maradhi yake yalianza vivyo hivyo. Kwanza alilalamika kuwa redio za watu zimeharibika. Halafu akasema wenzake wanapiga vibaya, akagombana nao. Halafu ikawa ukumbini anawatazama vidole ili ajue wamefika wapi. Mwisho ulipomwita "Baba" alikuwa haitiki "naam" mpaka umguse bega. Hakuwa mzee. Alikuwa na umri kama wangu wa sasa, na fidla ilibaki ukutani naye akiitazama kama mtu aliyemkosea.

Sikumwambia mtu. Nilikwenda hospitali peke yangu, nikavishwa vile vya masikioni, nikaambiwa nibonyeze kila nikisikia mlio. Nikabonyeza. Daktari, dada mpole, akasema masikio yangu mazima. Nikamuuliza, mtu anaweza kusikia sauti zote lakini azisikie si mahali pake? Akafikiri kidogo akasema inatokea, ila ni nadra. Nikalishika lile la "inatokea", la "nadra" nikalitupa huko huko.

Tangu hapo nikaacha muziki. Redio sikuifungua. Kwenye harusi nilipiga kwa mazoea ya vidole, moyo haumo, namshukuru Mungu nikimaliza. Vipande vyangu sikuvigusa, kwa sababu kila nikivisikia vilikuwa na kasoro ile ile, na nisingevumilia kuvikumbuka hivyo. Binti yetu alikuja kutoka chuoni Tunguu mwishoni mwa wiki, akauliza mbona nyumba imekuwa kama ya msiba. Nikamwambia nimechoka.

Nikakata shauri kuacha kabla ya kuachwa. Alasiri moja nikakipakia kinanda kwenye gari nikaenda nacho kwa kiongozi wa kikundi, ghorofani Mji Mkongwe, siku ya mazoezi. Nilikusudia kukitoa kwa kikundi, wakitafutie msichana wa kukipiga, na mimi nibaki na mapazia yangu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mbona umekuja na mzigo? Unahama?"

Nikamwambia nataka kupumzika, mikono inauma. Uongo ulinitoka vizuri. Akanikazia macho. Wenzangu wakakiweka kinanda juu ya meza, wakanitaka nikiwashe waone kazi ya fundi. Sijui nini kilinishika. Kwa kuwa nilijua sitakaa tena mbele yake, nilikipiga kile cha tarumbeta, chote, mara ya mwisho.

Mpiga fidla wetu ni mtu mzima, hana adabu na muziki mbaya. Alikuwa anapaka ulimbo upinde wake pembeni. Akainua uso.

"We! Nyimbo za kizungu ndo unazipiga rasti siku hizi?"

"Rasti gani?"

"Rasti gani! Umeshusha noti mbili hizo, mwanangu. Skiza." Akainua fidla, akapiga noti ile ya tatu kama nilivyoipiga mimi, halafu akasogeza kidole juu, akaipiga inavyotakiwa. "Hii yako. Hii ya wenyewe. Mie nshajua, nkasema pengine ndo mtindo."

Niliisikia tofauti. Niliisikia wazi kama alivyoisikia yeye. Nikafungua ukurasa baada ya ukurasa kwenye kile kioo chenye giza, mpaka nikazikuta: noti mbili, zote zimeshushwa robo, na zimehifadhiwa hivyo ili kila kikiwashwa zianze hapo. Nikazirudisha. Nikapiga tena. Tarumbeta likaingia bila hodi, fidhuli lile lile, kila noti mahali pake.

Nikalia. Wenzangu walicheka kwanza, halafu walipoona silii mchezo, kiongozi akaniletea maji. Ndipo nikawaeleza yote, la sikio na la baba. Mpiga fidla alimjua baba. Akanishika mkono akasema, "Pole. Sikio lako zima, limezoea noti za chini, limelewa rasti tu. Sote tunalewa." Nilihisi wepesi ambao sikuwa nao tangu kabla ya Idi, nikala vitumbua vyao vyote bila haya.

Hasira zikanijia njiani. Nilisimamisha gari Mlandege nikamwendea fundi mbio mbio, nimeshaipanga hotuba yote.

"Kinanda changu umekifanya nini?"

"Nimekitengeneza. Kimekwama tena?"

"Umeshusha noti bila ya kuniambia!"

Akashangaa kweli, si kujifanya. "Bi mkubwa, vinanda vyote vikija hapa navirejesha vimekaa rasti. Nakuhifadhia kabisa ili usihangaike na ile mikurasa. Wengine hunipa zawadi kwa hilo. Kwani hupigi taarabu?"

"Napiga."

"Basi?"

Hotuba ikanipotea. Ningemwambiaje mtu aliyenifanyia hisani kwamba hisani yake imenizika nikiwa hai? Na kwamba mwenyewe niliusifu mkono wake? Nikamwambia siku nyingine aseme. Akasema atasema, na kwa uso wake nilijua hatasema.

Nilifika nyumbani kabla ya magharibi. Nikakirudisha kinanda mahali pake, nikafungua redio kwa mara ya kwanza, nikaizungusha kutafuta chochote chenye kinanda. Nikakipata kimoja cha vijiko na glasi. Kilikuwa kitamu mpaka nikafumba macho. Sikwenda jikoni hata kuimba kulipoanza.

Mume wangu akaingia. Hakusimama mlangoni. Alinizunguka, akaja mbele yangu hasa, akainama mpaka nikauona mdomo wake wote, akasema kwa sauti kubwa, neno moja moja, "Leo, vipi, hali, yako?"

"Wee! Mbona unanipigia kelele? Nnasikia!"

Akaitazama redio, kisha akanitazama mimi. Akakaa taratibu kwenye kiti.

"Unasikia sawasawa?"

"Sawasawa. Kinanda ndo kilikuwa na kasoro. Nani kakwambia habari za masikio?"

"Hakuna. Uliacha kufungua redio." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nkamkumbuka mama yako alivokuwa akisema na baba yako, anakaa mbele yake, polepole, ili asome mdomo. Nkaona bora nianze mapema. Nlikuwa nnajizoeza."