Pini ya Sita

Darrell Hutsko alikuwa mtu wa kuhakikisha mara mbili. Akifunga mlango wa nyumba, anashika kitasa, anakwenda hatua tatu, halafu anarudi kukishika tena. Alisimama miaka thelathini na moja mbele ya mashine ya kukandamiza mabati ya milango ya magari, na akastaafu na vidole vyake vyote kumi, jambo ambalo si kila mwanamume wa mji wa Lincoln Park anaweza kujisifia. Ukiambiwa mtu kama huyo amesahau kitu, utasema unadanganywa. Lakini alisahau, na sababu yake naijua vizuri. Ni kupenda kuonekana. Hakuna kingine.

Gari lenyewe lilikuwa Chevelle ya mwaka sabini, ya rangi ya buluu, aliyoinunua kabla hajaoa. Injini yake ilikuwa kubwa kuliko akili ya kijana yeyote anayenunua gari la namna ile. Kwenda mbele moja kwa moja lilijua sana. Kona ndizo zilizokuwa zikilishinda, maana lilikuwa likilala ubavu mmoja kama mlevi anayetafuta ukuta.

Mwaka tisini na nane, siku ya mvua, Darrell akiwa na mkewe Marlene njiani kutoka Toledo, waliingia kona moja kusini ya mji wa Monroe. Gari likayumba, matako yakatangulia, likavuka barabara nzima na kusimama upande wa pili likiangalia lilikotoka. Lori la maziwa likawapita karibu kiasi kwamba kioo chao cha pembeni kilibaki kwenye lami. Marlene alifungua mlango, akashuka, akaenda kwa miguu na viatu vyake vya kanisani mpaka kituo cha mafuta. Tangu siku hiyo hakutia tena mguu ndani ya gari lile. Alimwambia mumewe neno moja tu: siku utakaponihakikishia kwamba halitayumba, nitapanda. Alilisema ili kumaliza mazungumzo. Darrell, maskini, alilichukua kama ahadi.

Akaibeba ahadi ile miaka na miaka, na baridi ya mwaka huu, alipostaafu, akaanza kazi. Gereji yake ni ile ya ubavuni mwa nyumba, ya gari moja na mashine ya kukatia majani. Aling'oa miguu yote ya mbele ya gari na kuweka springi mpya zilizo fupi na ngumu zaidi, shokapu mpya, bushi mpya za mpira, mikono mipya ya chuma ya kushikilia magurudumu, na nondo nene ya kuzuia gari lisilale kwenye kona. Siku ya kuingiza springi alikagua mnyororo na jeki mara mbili. Springi ya gari ikibanwa ina nguvu ya kumvunja mtu taya, na yeye alikwisha kumwona mtu aliyevunjwa. Aliifunga kwa mnyororo, akainua jeki taratibu, kidogo kidogo, huku jasho likimtoka na nje theluji inaanguka.

Sasa, kwenye miguu ya mbele ya gari kuna maungio sita, matatu kila upande. Kila ungio limefungwa kwa nati, na kila nati inapitishiwa kipini kidogo cha waya ambacho ncha zake hukunjwa ili nati isifunguke njiani. Kipini chenyewe si kirefu kuliko kidole cha mtoto. Darrell alichukua trei ya zamani ya Marlene ya kuokea keki, yenye vishimo sita, akaweka pini moja katika kila kishimo. Kishimo kimoja, ungio moja. Kishimo kikiwa kitupu, kazi imekwisha. Alijiambia kwamba hapo hata mpumbavu hawezi kukosea.

Watu wa mtaa ule wana sheria moja ambayo hukuti imeandikwa popote. Mlango wa gereji ukiwa chini, mtu yuko kazini au hataki kusumbuliwa. Ukiwa nusu, unaweza kuinama ukasalimu na kuondoka. Ukiwa juu kabisa, karibuni nyote, ingieni, vuteni viti, semeni mtakavyo, na mwenye gereji hana ruhusa ya kununa. Miezi yote Darrell alikuwa na mlango chini. Jumatano moja, ikiwa imebaki nati moja, jua limetoka na majirani wanatembeza mbwa, akautazama ule mguu mpya wa gari unavyong'aa kwa rangi nyeusi, na moyo ukamdanganya. Akaupandisha mlango mpaka juu.

Dakika tano hazikupita, Wendell Brozek akaingia. Wendell ndiye jirani wa mkono wa kushoto, mjane, na yeye akifungua mdomo ujue siku imekwisha. Alikuja na boksi la donati na hadithi ya upasuaji wake wa ngiri, na kwa kuwa Wendell haamini umesikia mpaka umeona, akafunua na shati. Darrell alikuwa chini ya gari, nati ya kushoto ya chini imekazwa kiasi, bado kukazwa mara ya mwisho. Akatoka kwa kujivuta huku anacheka, akala donati, akaonyesha springi, akasifiwa. Wakaja wengine wawili. Akasifiwa tena. Waliporudi makwao akanawa mikono na kwenda kuangalia mpira, na kesho yake akarudisha magurudumu.

Marlene wiki ile hakuwepo. Alikuwa Toledo, kwa dada yake Bernadine aliyebadilishwa nyonga. Jumamosi ilikuwa siku ya kurudi, na binti yao Janelle ndiye aliyetoa shauri: yeye aende na Chevelle amchukue mama yake, amshtukize. Darrell alikuwa hajawahi kumpa mtu ufunguo wa gari lile. Safari hii akampa. Akamwapisha apite barabara ya zamani ya Telegraph, sio ile kubwa ya magari ya kasi, na simu aizime aiweke kwenye buti, maana kwenye gari lile mtu anaendesha tu, haongei. Janelle akaapa huku anacheka. Saa tatu asubuhi akaondoka, na Darrell akasimama barabarani akilitazama linavyokata kona ya kwanza. Halikulala hata kidogo. Macho yakamlowa, na haoni aibu kusema hivyo.

Akakata majani. Akanywa kahawa. Saa tano na nusu akaingia gereji kusafisha, akaiinua trei ya keki ili aioshe kabla mwenyewe hajarudi kuiulizia.

Kishimo cha sita kilikuwa na pini.

Aliishika kwa vidole viwili. Ilikuwa mpya na imenyooka, haijakunjwa hata upande mmoja. Pini iliyotumika huwa imepinda. Hii haikuwahi kuingia popote. Akakumbuka donati, akakumbuka tumbo la Wendell, akakumbuka nati ya kushoto ya chini, ambayo ndiyo inayobeba uzito wote wa springi upande ule. Ikitoka hiyo, gurudumu linalala chini ya gari, na aliye kwenye usukani anabaki abiria tu.

Akapiga simu ya Janelle. Imezimwa. Mwenyewe ndiye aliyemwapisha. Akapiga ya Marlene. Ikaita, ikaita, ikakata. Akapiga kwa Bernadine, na shemeji yake huyo akapokea kwa furaha kama mtu wa harusini. Akamwambia wametoka hapo dakika kumi tu, na angemwona Marlene alivyokaa kiti cha mbele, mikoba yake yote kwenye buti, kioo kimeshushwa, anapunga mkono. Amesema kama Darrell kampa Janelle ufunguo, basi kamhakikishia, naye amepanda.

Darrell hakuaga. Aliitia pini mfukoni mwa shati, akatupa jeki, koleo na spana kwenye pikapu, na alipogeuka akamkuta Wendell ameshafungua mlango wa pili na anapanda. Wendell aliuliza wanaenda kuvua samaki wapi. Akaambiwa. Basi kwa mara ya kwanza tangu wahamie mtaa ule, Wendell Brozek akanyamaza, na kunyamaza kwake kukamwogopesha Darrell kuliko kila kitu.

Wakashika Telegraph kuelekea kusini. Darrell alikuwa akiyatazama magari yote yanayokuja mbele, na kila rangi ya buluu ilimtoa roho. Akili yake haikutulia, ilipiga hesabu za dakika: wametoka saa ngapi, Janelle anaendesha mwendo gani, ile kona ya kusini ya Monroe wameshaipita au bado. Wakipita magari ya zima moto yaliyosimama kwenye kituo chake, akajikuta anayahesabu kuona kama yapo yote. Kwenye taa nyekundu alikuwa akiishika pini mfukoni, anaiachia, anaishika tena. Akajisemea kwamba pengine aliweka pini nyingine. Pengine boksi lilikuwa na saba. Lakini alijua boksi lilikuwa na sita, kwa sababu alizihesabu mara mbili.

Karibu na Mto Huron, Wendell akakohoa.

"Ni mimi, sivyo? Jumatano ile. Na hilo tumbo langu."

"Mlango niliufungua mimi," Darrell akasema.

Kisha wakaliona gari la buluu. Lilikuwa linakuja kwenye njia ya pili, kaskazini kidogo ya Monroe, pua yake chini, limetulia kwenye lami, na ndani vichwa viwili. Darrell akawasha na kuzima taa, akapiga honi mpaka mkono ukauma, akageuza pikapu mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili anayegeuza, akawafuata. Janelle akamwona kwenye kioo. Akaingia taratibu kwenye uwanja wa kanisa moja dogo na kusimama. Alipopinda kuingia, gurudumu la kushoto likalia mlio mfupi, kama mlango mkavu. Darrell aliusikia akiwa ndani ya pikapu, vioo vimefungwa.

Marlene alishuka akicheka, nywele zimemvurugika kwa upepo. Wendell, mtu mwema wa watu, akawahi kusema kwamba wamekuja tu kuwapokea, hali ya hewa ilikuwa nzuri. Lakini Darrell alikwisha kuingiza jeki na kulala chali kwenye lami, kichwa kimeingia nyuma ya gurudumu. Akapapasa mpaka akaipata nati. Ikazunguka kwa vidole. Hakuhitaji spana. Ilikuwa imebaki hesi mbili, mizunguko miwili tu, labda miwili na nusu, itoke kabisa.

Alikaa kule chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akaikaza nati kwa nguvu zake zote, akapitisha pini, akakunja ncha moja huku na nyingine kule. Angeweza kutoka na kusema alikuwa anaangalia tu kama kila kitu kiko sawa. Wendell alikwisha kumfungulia njia ya uongo huo, naye alibakiwa na kuifuata tu. Akaviona viatu vya Marlene vimesimama karibu na bega lake, havisogei.

"Darrell. Umesahau nini?"

Akatoka, akakaa kitako pale pale chini, mikono imejaa grisi.

"Pini moja."

"Na isingekuwepo ingekuwaje?"

"Nati ingetoka. Gurudumu lingelala."

"Na sisi tumo ndani."

"Na nyinyi mmo ndani."

Marlene hakupiga kelele. Heri angepiga. Alifungua buti, akatoa mikoba yake mmoja mmoja, akaipeleka kwenye pikapu, akapanda, akafunga mkanda. Wendell akamtazama Darrell kama anayeomba radhi, akachukua funguo za pikapu, akaondoka naye.

Darrell akaendesha Chevelle nyuma yao, binti yake pembeni. Gari lilikuwa zuri mno. Lilikata kila kona kama limefungwa kwenye reli, usukani ukimtii kwa kidole kimoja, na yeye hakupata raha yoyote. Alitazama kichwa cha mkewe kwenye kioo cha nyuma cha pikapu ile njia yote. Janelle alilia kidogo. Walipofika Lincoln Park ndipo akasema.

"Ile kona ya Monroe hakufumba macho, baba. Mimi nilipunguza mwendo, akaniambia nisipunguze. Alikuwa ananisimulia habari za dada yake."

Darrell akaona afadhali angetukanwa.

Jioni ile hakuna aliyelitaja gari. Wakala supu ya kabichi, Marlene akalala mapema. Jumapili, baada ya kanisa, Darrell akaingia gereji akateremsha mlango mpaka chini. Akaweka gari juu ya stendi za chuma, akavua magurudumu yote mawili ya mbele, akaketi kwenye kiti chake akiangalia tu, hajui anachotafuta. Alikuwa anafikiri kuliuza. Kisha mlango mdogo wa jikoni ukafunguka, Marlene akaingia, bado na gauni la kanisani. Mkononi ana tochi.

"Nionyeshe," akasema.

Akamwonyesha. Ya kulia juu, ya kulia chini, ya usukani. Marlene aliinama, akamulika, akagusa kila pini kwa ncha ya kidole, akauliza inakunjwaje, nati inazuiliwaje, na Darrell akajibu kila swali kwa sauti ndogo. Wakahamia upande wa kushoto. Ya juu. Ya usukani. Ya chini. Hiyo ya mwisho aliishika kwa vidole viwili, akaivuta, akajaribu kuizungusha nati mpaka kucha ikavunjika. Haikutikisika.

Marlene akafuta grisi kwenye gauni lake bila hata kulitazama, akarudi upande wa kulia na tochi yake.

"Tena," akasema. "Anza ile ya kwanza."